Seli Hai Kwenye Friji ya Soda

Nyie! Kabla hujapitisha kidole kwenda habari nyingine, kaa hapa kidogo. Kisa hiki ukimsimulia mtu atakuuliza kama leo umekula. Yaani mama mzima, fundi mwenye heshima zake, aliudanganya mtaa mzima kwa sindano ya kushonea, na mtaa mzima ukapiga makofi! Na kilichofichua uongo siyo daktari wala polisi. Ni friji. Tena friji iliyokufa. Tulia nikupe mwanzo wake.

Jumamosi asubuhi, nyumba imetulia hadi unasikia cherehani ikipumua. Mama Sare alikuwa anamalizia pindo la sketi. Anaitwa hivyo kwa sababu nusu ya watoto wa shule mtaani wanavaa alichoshona yeye. Binti yake wa mwisho alikuwa anafunga begi la vifaa. Huyu ni fundi wa friji, na jina lake watu walishalisahau, wanamwita Barafu. Redio inaimba kwa chini. Chai inafuka.

"Nikumiminie, mwanangu?"

"Nimiminie, mama."

Mama akainua birika, akamimina. Chai ikaenda mezani. Siyo kikombeni, mezani! Upande wa kulia, na mama anaendelea kumimina huku anatabasamu.

"Mama! Chai!"

"Mkono umeteleza," mama akasema haraka, akapapasa akitafuta kitambaa. "Uzee huu, tuache tu."

Barafu akaifuta meza, lakini moyo wake haukutulia. Mkono wa mama huwa hautelezi. Mkono ule unakata kola ya shati bila kuchora chaki.

Sasa elewa jambo moja. Mama Sare ana presha ya macho. Hospitali walimwambia ukweli mchungu: kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki tunaweza kukilinda, weka matone haya kila siku. Akaweka miaka minne. Halafu kaka mkubwa wa Barafu, Spika, anayeitwa hivyo kwa sababu hajui kunong'ona, akaleta habari za Profesa. Profesa wa nini? Hakuna aliyeuliza. Ana kliniki ya vigae vyeupe, anachoma watu seli shina. Hizo ni seli changa, hazijachagua kazi bado, zinaweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine mwilini. Ni sayansi ya kweli kabisa, na ndiyo maana uongo wake unauzika! Profesa akasema akizichoma jichoni, jicho litachipua upya kama mche.

Jicho la kulia lilichomwa mwezi uliopita. Wiki moja baadaye Spika akamrekodi mama akitunga uzi kwenye sindano, mara moja tu, pyu! Mama akasema, "Naona." Video ikazunguka mtaani kama umbea. Profesa akampa Spika fulana iliyoandikwa Balozi wa Seli, pamoja na ahadi ya kumchoma kipara bure, kiote nywele.

Na Jumamosi hiyo, saa nne, ilikuwa zamu ya jicho la kushoto.

Simu ya Barafu ikalia. Mhudumu wa mapokezi wa kliniki ya Profesa. "Fundi, friji yetu imegoma. Njoo haraka, leo tuna wagonjwa wengi."

Barafu akatangulia. Mama angekuja na Spika.

Akafika, akapelekwa chumba cha nyuma. Akaiona friji, akadhani wamekosea. Jamani, ilikuwa friji ya soda! Mlango wa kioo, alama ya gundi pale tangazo lilipobanduliwa. Ndani vichupa vimepangwa, vina lebo za dhahabu, na pembeni yake bakuli la chakula cha mchana cha mhudumu, na chupa ya maji.

Barafu akagusa kompresa, injini ya friji. Imepoa, haitikisiki. Akaweka kipimajoto ndani, akasubiri. Nyuzi ishirini na saba.

"Imezima lini?"

"Jumatano," mhudumu akajibu.

"Na hivi vichupa?"

"Seli hai za leo. Usivitikise, zitashtuka."

Barafu akacheka, akadhani ni mzaha. Mhudumu hakucheka.

Zamani akijifunza kazi, Barafu alihudumia mitambo ya baridi kwenye maabara ya utafiti. Kule seli zinalazwa ndani ya mapipa ya naitrojeni, baridi ya karibu nyuzi mia mbili chini ya sifuri. Ukifungua pipa bila glavu nene, mtafiti anakufokea kama umemkanyagia mtoto. Mtafiti huyo ndiye aliyemwambia kwamba wanajaribu seli kwa macho yaliyoharibika, kwa watu waliojitolea, waliosomewa hatari zote, wasiolipishwa, na watakaofuatiliwa kwa miaka. "Tunasonga mbele," alisema, "lakini kwa presha ya macho, dada, hatujafika. Anayekuuzia leo, muulize alipita njia gani."

Barafu akafunga begi lake.

"Umemaliza?" mhudumu akauliza.

"Sijaanza. Na sianzi."

Akatoka ukumbini. Watu kama kumi na watano wameketi, wengine na fimbo, wengine wameshikwa mkono. Mama Sare yuko kiti cha mbele, Spika kasimama nyuma yake na fulana yake imepigwa pasi. Profesa, koti jeupe, viatu vinang'aa, alikuwa anasalimia mmoja mmoja.

"Ndugu zangu," Barafu akapaza sauti, "mimi ndiye fundi wa friji. Dawa mtakayochomwa leo imekaa kwenye friji iliyozima tangu Jumatano. Humo ndani ni nyuzi ishirini na saba. Ni sawasawa na hapa mlipokaa."

Minong'ono ikaanza.

Profesa akatabasamu. "Binti, wewe ni fundi friji. Mambo ya seli waachie wataalamu."

"Sijasema habari za seli, Profesa. Nasema habari za friji. Hata samaki, ungemweka humo tangu Jumatano, leo usingehitaji kipimajoto. Pua ingetosha."

Mzee mmoja mwenye fimbo akaangua kicheko. Spika akaruka.

"Barafu! Unamwaibisha mama mbele za watu! Mama alitunga uzi kwenye sindano, dunia nzima imeona!"

"Kweli kabisa," mama mmoja akadakia. "Mimi nimekuja kwa ajili ya ile video. Kama alidanganywa, ule uzi uliingiaje?"

Ukumbi mzima ukamgeukia Mama Sare. Profesa akamshika mkono kwa upole. "Mama, twende ndani. Usiwasikilize wenye wivu."

Mama akasimama. Hatua moja. Mbili. Mlango wa chumba cha sindano uko wazi.

Barafu akapita upande wa kulia wa mama yake, akanyoosha kipimajoto karibu na sikio lake. Mama hakugeuka.

"Mama, nimeshika nini?"

Mama akasimama palepale. Angeweza kukisia. Angeweza kusema "niacheni" akaingia. Nakuambia, hata nzi waliacha kuruka.

Akainua mkono, akaliziba jicho la kushoto mwenyewe.

"Giza," akasema. "Giza tupu."

"Mama!" Spika akaita, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kunong'ona tangu azaliwe.

"Ile sindano niliitunga kwa vidole. Miaka thelathini umeme unakatika mimi nashona. Fundi gani anatunga uzi kwa macho? Nyie wenyewe tu hamkufikiri. Jicho lilizimika siku ya tatu. Nikasema litarudi, halikurudi. Halafu wewe, mwanangu, ukaja na simu, uso umekung'aa kuliko taa. Ningekuambiaje? Na hili la kushoto ningelikataaje bila kusema yote?"

"Na matone ya hospitali, mama?" Barafu akauliza.

"Hapa kliniki walinikataza. Walisema yanaua seli. Nimeyaacha kwa macho yote mawili."

Barafu akaketi chini sakafuni. Maana sasa hata lile jicho zima lilikuwa linaondoka taratibu, bila kelele, siku hadi siku.

Profesa akabadilika sura. "Bibi, ulisaini fomu ya kukubali! Nitaita polisi kwa kunichafulia kazi!"

Na hapo, wapendwa, Mama Sare akafanya alichofanya. Akavuta kiti cha plastiki, krrr, akakiweka katikati ya mlango wa chumba cha sindano, akakalia, akakunja mikono.

"Waite. Waambie waje na kipimajoto. Jicho langu hili la kushoto haligusi mtu humu. Na anayetaka kwenda kuchomwa, anipite juu ya kichwa. Spika!"

"Naam, mama."

"Washa simu. Uliporekodi uongo wangu mkono haukutetemeka. Rekodi na ukweli."

"Mama, watu watatucheka..."

"Watucheke wakiwa wanaona!"

Spika akamtazama Profesa. Akaitazama fulana yake. Akaivua palepale, akabaki na fulana ya ndani yenye tundu begani, akawasha simu.

Mama akasema yote. Hakulia, hakuomba huruma. Alipomaliza, mzee mwenye fimbo akainuka, akaenda zake nje. Yule mama aliyekuja kwa ajili ya video akamfuata. Wengine wakatoka mmoja mmoja, ila wawili wakabaki, wakamtukana Barafu, wakasema anawanyima riziki ya uponyaji. Ndivyo tulivyo.

Sasa usitarajie nikupe mwisho wa asali. Jicho la kulia halikurudi, na daktari wa hospitali alisema halitarudi. La kushoto limepoteza kiasi, lakini matone yamerejea na presha imeshuka. Anashona. Kliniki ilifungwa, na nasikia imefunguliwa mji mwingine kwa jina jingine na friji nyingine. Watu wakaandika chini ya video: bibi muongo, bibi tamaa. Spika akataka kufuta ile video ya kwanza. Mama akakataa katakata. "Ziweke zote mbili pamoja," akasema. "Anayetaka kunitukana anitukane, lakini aone jinsi ushahidi unavyoshonwa."

FUNZO

Ndugu msomaji, seli shina siyo uongo. Zipo tiba zake zilizothibitishwa, hasa za magonjwa ya damu, na watafiti wanakesha kutafuta nyingine. Uongo ni mtu kukuuzia leo, kwa ugonjwa wowote, kitu ambacho wenzake bado wanakipima. Usiache dawa ya hospitali kwa neno la mtu mwenye koti jeupe. Muulize jaribio lake limeidhinishwa na nani, linafuatilia watu kwa muda gani, na kwa nini akulipishe kwa kukufanyia majaribio. Akikasirika, umeshajibiwa. Na video ya jirani aliyepona siyo kipimo, kwa sababu jirani naye ana aibu, ana watoto asiotaka kuwavunja moyo. Na kama umeshadanganyika, sema! Aibu yako inaweza kuwa macho ya mwenzako.

Sasa nijibu, tena bila kujipendelea. Ungekuwa wewe ndiye Mama Sare, umesimama pale, mtaa mzima umekuja kwa ajili yako, mwanao amevaa fulana kwa ajili yako, na giza lile unalijua peke yako: ungesema, au ungeingia chumbani ukaufunga mlango?