Tumbo Si Bomba

Kila Jumapili asubuhi Fundi Bomba alikunywa dawa ya kumfanya aharishe. Haumwi. Anazibua tu.

"Bomba lisiposafishwa linaziba," alimwambia mkewe. "Na tumbo ni bomba. Chakula kinaganda humo."

Mkewe alishachoka kubishana. Kutwa mume yuko chooni, jioni yuko kitandani kama nguo iliyokamuliwa.

Mwezi wa tatu wa kuzibua huko mambo yakaharibika. Fundi alikuwa jikoni kwa mteja, anafunga koki. Akainuka. Dunia ikazunguka. Akakaa chini pwaa! Moyo unadunda ovyo, miguu imekakamaa. Akajiambia: basi, nimekwisha, na watoto bado wadogo.

Mteja akamrudisha nyumbani, na mkewe akamwita dada yake mwenyewe, muuguzi wa zahanati. Dada mtu hakutaka maneno. Akamkokota shemeji yake mpaka zahanati, akapimwa presha, damu na mkojo.

"Niambie ukweli, shemeji," Fundi akanong'ona. "Nakufa?"

"Labda kwa ubishi. Umeishiwa maji na chumvi mwilini. Unakunywa nini wewe?"

Fundi akaeleza habari ya kuzibua. Muuguzi akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akakunja uso.

"Bomba linapitisha tu. Tumbo linafanya kazi. Meno yanasaga, mate yanaanza kuvunja wanga. Tumboni chakula kinakorogwa na tindikali mpaka kinakuwa kama uji. Kinashuka utumbo mwembamba. Huko kinakutana na nyongo na maji ya kongosho, kinavunjwa vipande vidogo, hata jicho halivioni."

"Halafu vinatoka?"

"Vitoke viende wapi, baba wee? Ukuta wa utumbo una vinyuzi vidogo vidogo, kama taulo. Vinanyonya chakula, vinakiingiza kwenye damu. Hizo ndizo nguvu zako. Kinachobaki kinaingia utumbo mpana, maji yananyonywa, makapi yanakwenda chooni. Safari nzima ni siku moja, mbili, hata tatu. Hakijaganda, kiko njiani!"

Fundi akakuna kichwa. "Kumbe mimi nilikuwa namwaga maji ambayo mwili bado unayataka."

"Na chumvi zake. Fundi mzima, umejivujisha mwenyewe."

"Na choo kikigoma kweli?"

"Kunywa maji, kula matunda na mboga, tembea. Kikigoma siku kadhaa, au ukiona damu, njoo hapa. Usijitibu."

Akampa maji yaliyochanganywa na pakiti ya chumvi na sukari, anywe kidogo kidogo. Fundi akashusha pumzi ndefu. Machozi yakamtoka, akasingizia jasho.

"Lia tu, shemeji," muuguzi akasema. "Ila usilie sana, maji yenyewe ndiyo kwanza yanaingia."

Chupa ya dawa aliitupa siku hiyo hiyo. Jumapili akanywa chai kwa chapati na wanawe, akatafuna taratibu mpaka mkewe akamcheka.

Mwezi haujaisha, alibeba pampu ya maji peke yake mpaka ghorofa ya tatu. Mteja akashangaa. "Fundi, unatumia dawa gani?"

"Wali na maharage," akajibu. "Ila sasa navipa muda vifike kwenye damu."