Diski Iliyopigwa Pasi

"Mimi sijawahi kuunguza kitu cha mtu," Mama Pasi huwaambia wateja wake kila asubuhi. Kisha humeza mate. "Ukiacha ile suruali. Na pazia. Na lile shati, lakini shati lenyewe lilikuwa baya tangu zamani."

Mama Pasi ni dobi. Chumba chake cha mbele kina meza ndefu, pasi mbili na kompyuta kuukuu. Kabatini, chini ya mashuka, aliweka diski ndogo ya kuhifadhia. Dada yake alimkabidhi mwaka jana. Ndani mlikuwa na sauti ya mama yao marehemu, akisimulia alivyowazaa. Nakala nyingine haikuwepo.

Jumatatu dada alipiga simu.

"Mdogo wangu, Ijumaa nakuja kumsikia mama. Diski nilikupa nzima kama kigongo. Niikute hivyo hivyo!"

Mama Pasi akaichomeka. Kompyuta kimya. Akachomoa, akachomeka tena. Kompyuta haikuitambua hata kidogo.

"Imeingia unyevu," alijiambia. Na dobi ana dawa moja tu ya unyevu. Akaifunika kitambaa, akaipitishia pasi. Moto mdogo, ule wa hariri.

Harufu ya plastiki ikajaa chumbani.

Kesho yake alikwenda kwa fundi wa kompyuta. Alipita uchochoroni, asije akasalimiwa na mteja.

"Imeanguka?" fundi aliuliza.

"Hapana."

"Imepata moto?"

"Moto utoke wapi, mwanangu!"

Fundi akaigeuza. Upande wa pili palikuwa na alama ya ncha ya pasi, imechongoka vizuri. Fundi akaifuata alama hiyo kwa kidole. Mama Pasi akainamisha kichwa. Uso ulimwaka kuliko pasi zake zote mbili.

"Niliipiga pasi," alisema. "Kidogo tu."

"Afadhali umesema, mama. Ukinificha, naweza kuimalizia. Diski isipotambuliwa, jaribu waya mwingine mara moja. Ikikataa, iache. Usiigonge, usiianike, usiipashe moto. Kompyuta ikiuliza kama iifute ili itumike upya, kataa. Ilete kwa fundi, useme kweli."

"Na mama yetu je?"

"Lililoungua ni gamba la nje tu. Sauti haikai kwenye gamba."

Akafungua skrubu taratibu, akatoa diski yenyewe, akaiunga kwa waya wake. Kompyuta yake ikaiona.

"Bado hatusikilizi kitu," alisema. "Diski ni dhaifu. Kwanza tunanakili kila kitu kwenye diski nyingine iliyo nzima. Kisha tunatafuta kwenye nakala."

Alhamisi Mama Pasi alimsikia mama yake: "Huyu mdogo alitoka analia, na mpaka leo hajanyamaza." Kweli, hakunyamaza mpaka fundi akamletea kiti.

Fundi akampa diski mbili mpya zenye sauti ile. "Moja ikae kwako, ya pili nyumba nyingine. Na hili gamba, lisome ndani."

Ijumaa dada alifika. Mama Pasi, macho chini, akamweleza yote, hata ule moto wa hariri.

"Huna haya!" dada akafoka. "Nilikupa nzima! Haijawahi kuumwa hata siku moja!"

Mama Pasi akamgeuzia gamba. Ndani paliandikwa kwa wino mweusi, na tarehe ya mwaka juzi: "Inakufa. Mwenyewe ameambiwa anakili haraka."

Dada akavaa miwani. Akaivua.

"Haya... kayaandika nani?"

"Fundi," alisema Mama Pasi. "Anakusalimu sana. Anasema anakukumbuka."