Daftari Mlangoni kwa Mama Aline

Niragira aliamka, akawasha moto, akainjika maharage. Kisha akafanya kazi ambayo kwake ilikuwa muhimu kama kufagia uwanja. Alifungua daftari lililoning'inia kwa kamba mlangoni, akachora nafasi nne za siku ile. Jina. Anatoka wapi. Ameingia lini. Ataondoka lini.

Jana hakuandika mtu. Juzi hakuandika mtu. Ukurasa mzima ulikuwa mweupe pe.

Niragira na mumewe, Havyarimana, walitoka Bujumbura, nchini Burundi. Sasa walikuwa na miezi mitano Murukulazo, wilayani Ngara, Tanzania. Havyarimana ni fundi mwashi, na ana kibali chake cha kuishi na kufanya kazi. Wiki nzima alikuwa Biharamulo akijenga madarasa, akirudi Jumapili tu. Nyumbani alibaki Niragira na binti yao Aline, mwenye miaka saba. Tumboni alikuwemo mtoto mwingine, mimba ya miezi minane.

Lugha haikumsumbua. Kihangaza, lugha ya wenyeji wa Ngara, na Kirundi ni ndugu wa damu. Ukijua kimoja, kingine unakishika huku unamenya ndizi. Hapo ndipo alipozidi kuchanganyikiwa. Maneno ya majirani aliyaelewa yote, lakini majirani wenyewe hakuwaelewa hata kidogo.

Mwanzoni walimpokea vizuri sana. Scholastika, anayeitwa Mama Philbert, wa nyumba ya pili, alikuja na mkungu wa ndizi kichwani.

"Karibu Murukulazo, Mama Aline," alisema.

"Asante sana, Mama Philbert. Kaa hapa." Niragira akachukua kalamu. "Majina yako kamili? Umetoka wapi? Utaondoka saa ngapi?"

Mama Philbert aliangalia kalamu, akaangalia daftari. Alijibu kwa sauti ndogo. Chai hakuimaliza. Tangu siku ile hakurudi, na wengine walioandikwa nao hawakurudi.

"Nimewakosea nini?" Niragira alijiuliza kila siku. Alipunguza chumvi kwenye chakula, akidhani labda wageni hawakupenda mapishi yake. Alibadilisha viti. Lakini daftari hakuligusa, maana daftari ndilo lililokuwa heshima yake.

Asubuhi hiyo kichwa kilimuuma kupita kiasi. Kilianza jana. Viatu vilikataa kuingia miguuni, na pete ilimbana kidole. Alipotazama mlima ng'ambo, aliuona kama uko ndani ya ukungu, na jua lilikuwa linawaka! Aliogopa. Katika mimba yake ya kwanza, kabla ya Aline, mtoto alikufa tumboni, na hakuna aliyemweleza kwa nini. Hakutaka kumpoteza na huyu.

"Aline, kimbia kwa Mama Philbert. Mwambie mama anaumwa, aje."

Aline alikwenda, akarudi akihema.

"Wamesema yuko shambani. Lakini mama, nimeiona miguu yake chini ya mlango."

Niragira alikaa chini kwenye mkeka. Machozi yalimtoka. Mumewe alikuwa mbali, na simu yake haikupatikana. Majirani walikuwa karibu, nao hawakupatikana.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Adventina, mhudumu wa afya wa kijiji, mama mtu mzima mwenye mkoba mgongoni. Hupita nyumba kwa nyumba, lakini kwa Niragira ilikuwa mara yake ya kwanza kufika.

"Karibu. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

Amini usiamini, Niragira alijivuta hadi mlangoni akashika kalamu. "Majina yako kamili, mama? Utaondoka saa ngapi?"

Adventina alicheka. "Mwenye nyumba anayemuuliza mgeni ataondoka saa ngapi? Unanifukuza sijakaa?"

"Hapana mama! Nakulinda!" Niragira akaanza kulia tena. "Mtaani kwetu Bujumbura kila nyumba ilikuwa na daftari. Wenye nyumba wote wanaandikwa, na mgeni pia. Askari wakija kukagua, wakimkuta mtu hayumo, yeye na mwenyeji wote wako matatani. Mimi namwandika mtu ili awe salama kwangu."

Adventina akaacha kucheka. "Kumbe! Sikiliza, mwanangu. Hapa ni mpakani. Kuna watu bibi zao walizaliwa upande wa kwenu. Mgeni wasiyemjua akiwaandika majina na wanakotoka, wanaingiwa na hofu. Wanajiuliza hayo majina yanapelekwa wapi. Wengine wanasema wewe umetumwa."

"Nimetumwa na nani, mimi na tumbo hili?"

"Ndiyo maana nakueleza. Huku anayetunza orodha ya wakazi ni serikali ya kijiji. Mumeo aliripoti mlipofika?"

"Aliripoti. Kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mtendaji."

"Basi mmemaliza. Ukipata mgeni wa kulala, mwambie mwenyekiti. Jirani aliyekuja kuomba moto haandikwi. Anapewa kiti." Akasita ghafla, akamtazama usoni. "Mbona uso umevimba hivyo? Kichwa kinauma?"

"Sana. Tangu jana. Na macho yanaona ukungu."

"Kliniki ulikwenda lini?"

"Mara moja tu. Nilingoja mtu wa kunisindikiza."

Adventina alishika simu palepale. Alipiga namba ya gari la dharura la wajawazito, ile iliyobandikwa kwenye ukuta wa zahanati. Alipomaliza alimgeukia Niragira.

"Hizi ni dalili za hatari, mwanangu. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, kutokwa damu, mtoto kuacha kucheza tumboni. Ukiona moja tu, nenda kituo cha afya saa hiyohiyo. Humngoji mume, hungoji kesho. Presha ikipanda inaleta kifafa cha mimba. Kinaua mama na mtoto."

Kisha akatoka uwanjani, akapaza sauti. Sauti ya Adventina haihitaji simu.

"Mama Philbert! Toka huko mlangoni, miguu yako inaonekana!"

Mama Philbert alitoka ameinamisha kichwa. Adventina alimweleza habari ya daftari kwa maneno machache. Mama Philbert alishika mdomo.

"Ooh, maskini! Na mimi nimemficha uso wangu mwanamke mwenzangu mjamzito!"

Hakungoja kuambiwa. Alikusanya kanga, beseni na kadi ya kliniki, akamkabidhi Aline kwa dada yake mwenyewe. Gari lilipofika, aliingia pamoja na Niragira. Njia nzima hadi Ngara mjini alimshika mkono.

Hospitalini walikuta presha imepanda sana. Walimpa dawa, wakamzalisha siku hiyohiyo. Mtoto alikuwa mdogo, lakini alilia kwa nguvu. Alikuwa msichana.

"Mngechelewa kidogo, tungekuwa tunasema mengine," muuguzi alisema.

Wiki mbili baadaye Niragira alirudi nyumbani. Havyarimana aliomba ruhusa kazini. Adventina alipita tena, akaeleza kwamba mtoto aandikishwe mapema apate cheti cha kuzaliwa, na kliniki isikoswe hata mwezi mmoja.

Niragira alilifungua daftari kutoka kwenye kamba. Aligeuza ukurasa mpya. Akaandika tarehe za chanjo, namba ya gari la dharura, namba ya Adventina. Sasa daftari lilikuwa na kazi yake.

Mchana huo Mama Philbert aliingia bila hodi, na uji kwenye chupa ya chai.

"Kaa, mama. Hapa kiti," Niragira alisema haraka. "Siandiki mtu tena."

"Nani kasema? Lete hilo daftari."

"Mama Philbert, nisamehe kwa yale."

"Lete, nimesema."

Alifungua ukurasa wa zamani, ule mweupe. Aliandika polepole, maana kuandika kwake ni kwa shida. Kwenye jina aliandika Scholastika. Anatoka wapi, aliandika nyumba ya pili. Kisha akaandika namba yake ya simu pembeni.

Niragira alisogea kuona. Pale palipoandikwa "Ataondoka lini", Mama Philbert alikuwa ameandika neno moja.

Siondoki.