Gauni Lililobaki Msumarini

Siku ya gulio, soko la nguo la Geita lilikuwa limefurika watu, na katikati yake kijana mmoja alikuwa amekumbatia begi bovu kama mtu aliyeokota dhahabu.

"Kaka, zipu ya hilo begi haifiki hata Kahama," Vumilia alimwambia bila hata salamu.

Kijana akageuka. Ovaroli yake ilikuwa na mabaka ya oili, lakini kola ya shati iliyochungulia ndani ilikuwa imepigwa pasi ikanyooka.

"Kwani wewe ni fundi mabegi?"

"Mimi ni afisa mifugo, Samuye. Ila kitu kibaya nakijua."

"Basi nichagulie, dada. Soda juu yangu."

Hivyo ndivyo Mihayo, fundi magari wa Kalangalala, alivyoingia moyoni mwa Vumilia. Kwa miezi saba simu hazikupoa kati ya Geita na Samuye.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe umenawa hiyo oili?"

"Nimenawa mpaka viwiko."

"Muongo!"

Mwezi Agosti mafundi wa gereji wakapanga safari ya Serengeti, kila mtu na mwenza wake. Wangetoka Geita, kisha wampitie Vumilia pale Lamadi. Siku tatu kabla, Mihayo akamtumia kifurushi kwa basi: gauni la kitenge cha bluu iliyokoza, mabega ya puto, kiuno kimebana. Yeye mwenyewe alikuwa ameshonewa shati la kitambaa hichohicho, wavae sare.

Vumilia alilijaribu, akajigeuza mbele ya kioo, akajipenda. Kisha akalivua, akalitundika msumarini, akapanga begi: suruali ya kaki, blauzi za rangi ya udongo, kofia, sweta la baridi ya asubuhi, khanga moja nyeupe.

Jioni Mihayo akapiga simu ya video.

"Nionyeshe begi, malkia wangu. Eh! Gauni mbona liko ukutani?"

"Ni zuri sana, Mihayo. Ila mbugani silivai hata kwa fimbo," alisema akicheka.

Mihayo hakucheka.

"Nimewaambia wenzangu wote tutavaa sare. Sema tu ukweli, unaona haya kufanana nguo na fundi."

"Haya ya nini? Hebu sikiliza..."

"Mwenye diploma abaki na kaki zake."

Simu ikakatika. Vumilia akapiga mara nne, haikupokelewa. Neno alilonyimwa nafasi ya kulisema lilikuwa moja tu: ndorobo. Kazini kwake mitego ya nzi hao wanaouma hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi, maana ndizo rangi wanazozifuata. Alidhani kila mtu anajua.

Je, abaki Samuye amkose mtu kwa sababu ya nzi? Hapana. Akafunga begi. "Kama ananiacha, aniache nikimtazama."

Pale Lamadi basi dogo likasimama. Mihayo alikuwa kiti cha nyuma, shati lake la bluu linang'aa, uso umekunjamana.

"Umefuata nini?"

"Tembo. Sogea nikae."

Akasogea, akageukia dirishani. Wakaingia hifadhini hivyohivyo. Walipofika penye vichaka vizito, nzi wakaingia. Wakampita dereva, wakampita Vumilia, wakatua kwa Mihayo. Paa! Akajipiga shingo. Paa! Akajipiga mgongo.

"Vumilia! Hawa nzi wananitaka nini?"

"Ndorobo hao. Wanapenda bluu. Ndicho nilichotaka kukuambia."

Gari zima likaangua kicheko. Vumilia akatoa ile khanga, akamfunika kuanzia shingoni mpaka kiunoni kama mama aliyetoka wodini kujifungua.

"Kwa hiyo hukuona haya?" Mihayo akanong'ona.

"Ningeona haya ningekufunika khanga yangu mbele za watu?"

"Nisamehe, mpenzi. Nilitaka tupige picha ya sare, halafu nikuulize jambo."

"Uliza."

"Sasa hivi? Nimevaa khanga!"

"Mihayo, uliza."

Akaikaza khanga mabegani. "Utakubali niwe mume wako?"

"Nimekubali. Ila mwenye neno ni baba. Njoo Samuye Jumapili baada ya ibada, uje na baba yako mdogo, maana mambo haya hayamalizwi garini."

Mafundi na wenza wao wakapiga vigelegele na kugonga mabodi ya gari. Pundamilia waliokuwa kando ya barabara wakatimka wote.

"Haya," alilalamika Enock dereva, huku meno yote yakiwa nje, "mmenifukuzia wanyama!"