Binti wa Ng'ambo ya Songwe

Jua la soko la Mwanjelwa, Mbeya, lilikuwa kali mchana huo. Nguo za mitumba zilinuka joto, wauzaji walishindana kwa makelele, na katikati yao msichana wa gauni la njano alikuwa akitafuta sweta la mikono mirefu.

"Ugonile, mrembo," muuzaji, Ezekia, alimsalimia kwa Kinyakyusa. "Joto lote hili unataka sweta? Huyo anayekutia baridi ni nani, nikamseme?"

"Uza nguo, kaka. Maneno sijaulizia bei."

Ezekia alicheka. Alikuwa amejibiwa kwa lafudhi ya nyumbani kwao Kyela, au karibu na hapo. "Wa wapi wewe? Ipinda? Matema?"

"Karonga. Ng'ambo ya Songwe."

"Malawi! Basi ng'ambo ya mto ni uani kwetu."

Alipojaribu sweta, mkono wa gauni ulipanda, na Ezekia akaona alama za vidole vya mtu, nyeusi, zimevilia damu. Utani ukamkauka mdomoni. Akaomba namba ya simu kwa sauti ya chini.

Msichana huyo, Tumpe, alikuwa mpishi katika mgahawa wa Benjamini, karibu na stendi. Benjamini alimchukua mpakani kwa ahadi ya kumwombea kibali cha kazi, akabeba pasipoti yake "aishughulikie". Kibali hakikuombwa, pasipoti haikurudi. Tumpe akilalamika, jibu lilikuwa moja: "Nenda polisi. Nitawaambia wewe ni nani."

Kilichombakiza ni simu za Ezekia za jioni.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimewapikia watu wote wa Mbeya, mwenyewe nimesahau."

"Nikuletee ndizi za kuchoma?"

"Jilete wewe. Ndizi zitakufuata."

Kisha ikaja Jumamosi ile. Chipsi zilichelewa, wateja wakanung'unika, na Benjamini akachota mafuta yanayochemka, akammwagia Tumpe mkononi huku watu wanatazama. Tumpe alipiga yowe. Halafu akanyanyua mwiko wa ugali na kumchapa nao tayani, akatoka na aproni yake mwilini.

Ezekia alimpeleka hospitali, na baadaye kwa Devotha, mwanasheria anayewasaidia wanawake. Devotha hakumpaka mafuta ya maneno.

"Kumuunguza mtu ni jinai, mdogo wangu, awe raia au mgeni. Na kibali alipaswa kukiomba yeye mwajiri. Lakini Uhamiaji wanaweza kukurudisha kwenu, sikufichi. Una silaha moja tu: usidanganye hata neno."

Tumpe alilishika neno hilo, akafungua shauri dhidi ya Benjamini. Ezekia alilisikia, akalipuuza. Kwao mpakani, anayesema lugha yako ni jirani, na maofisa wakija kuuliza, jirani hufichwa. Hivyo ndivyo alivyolelewa. Alipoitwa kutoa ushahidi mbele ya msuluhishi wa migogoro ya kazi, alisema bila kupepesa macho:

"Huyu ni ndugu yetu wa Kyela. Wazazi wake nawajua."

Benjamini akatabasamu. Akatoa simu, akaonyesha picha ya pasipoti ya Malawi yenye sura ya Tumpe. "Kama hilo ni uongo," aliuliza kwa upole, "na mafuta je?"

Shauri likaahirishwa. Nje, Ezekia alimkimbilia.

"Tumpe, nilitaka kukulinda!"

"Umenikana."

"Nimekukana vipi? Nimekuita ndugu!"

"Umemwita ndugu msichana wa Kyela. Aliyeungua ni wa Karonga."

Devotha alimpeleka Tumpe Iringa, mtaa wa Kihesa, kwa shangazi yake mwenyewe, asubiri kikao cha pili. Simu za Ezekia ziliita mpaka zikachoka, Tumpe hapokei. Mwisho akaja mwenyewe, shati limepigwa pasi, macho mekundu, anatetemeka mlangoni kwa baridi.

"Nimerudi kwa msuluhishi," alisema. "Nimemwambia nilidanganya kwa woga wangu, wewe hukunituma. Amenigombeza kama mtoto."

"Vizuri. Na mimi nitakugombeza."

"Gombeza, mama. Ila ukimaliza, kubali nikuoe."

Tumpe alicheka, kicheko kikageuka kilio. Akamshika kwa mkono ule mzima. "Nimekubali. Usinifiche tena."

Ezekia hakuinua uso. "Kuna jingine. Benjamini ameniita. Atarudisha pasipoti, na Uhamiaji hatawaambia kitu. Anachotaka umwombe radhi kwa ule mwiko, na useme mafuta yalimwagika yenyewe. Ni maneno tu, mpenzi. Vinginevyo watakuondoa, na mimi nitabaki na nani?"

Tumpe akamwachia mkono.

Siku ya kikao, Benjamini aliketi amekunja nne, koti jeusi, viatu vinang'aa. Kwenye benchi la mlangoni alikaa ofisa wa Uhamiaji. Nani alimwita, kila mtu alijua.

"Binti," alisema msuluhishi, "mwenzako yuko tayari kuyamaliza ukimwomba msamaha. Una la kumwambia?"

Ezekia alimtazama mdomoni, anamsihi kwa macho. Tumpe akasimama.

"Naitwa Tumpe. Kwetu Karonga, Malawi. Huyu alinimwagia mafuta kwa makusudi, nami nikampiga."

Ofisa alijisogeza kwenye benchi. Ezekia alijifunika uso kwa viganja. Kisha akaviondoa, akainuka, akaenda kusimama ubavuni mwa Tumpe.

"Msamaha, binti," msuluhishi alikumbusha. "Hapo ndipo tulipokuwa."

"Nimesikia, mheshimiwa. Nirudisheni kwetu leo hii mkitaka. Siombi radhi."