Hodi kwa Jina la Zuhura

"Asante kwa kunishika mkono, sista," Zuhura alisema alipovuliwa miwani.

Asteria alicheka, halafu kicheko kikamkauka. Mkono gani? Wake wa kushoto ulikuwa umevuta ngozi ili mshipa usikimbie, na wa kulia ulikuwa na sindano. Muuguzi mwenzake, Justa, alikuwa kule kabatini akitafuta plasta, mgongo kawapa. Wodi nzima ya saratani, mchana ule wa jua kali la Shinyanga, hapakuwa na mtu mwingine aliyesimama. Lakini kiganja cha Zuhura, kile cha upande usiochomwa, kilikuwa na tope la kijivu, bichi kabisa, linachuruzika hadi kwenye shuka.

Na Asteria alifanya nini? Alilifuta! Alichukua pamba akalifuta upesi kabla Justa hajageuka, kwa sababu tope lile alilijua, na alijua lilikotoka.

Zuhura alikuwa muuza vitenge wa Ngokolo, mwanamke wa maneno na utani, hata kansa ya titi aliitania. Sindano tu ndiyo iliyomshinda. Dawa za kemo zilikuwa zimemharibia mishipa, anachomwa hapa hakuna, anachomwa pale hakuna, mpaka ikawa akiona trei inakuja anatetemeka kitanda kinalia. Siku moja alikimbia hadi getini na khanga moja, kaka yake Masudi akamrudisha kwa kumbembeleza. Daktari alisema wazi kwamba akiacha dawa, hamalizi mwaka.

Ndipo wafadhili wakaleta ile miwani mikubwa inayofunga macho yote. Ukiivaa unaona uko mahali pengine kabisa, ukigeuka unaona nyuma, ukitazama juu unaona mbingu. Mgonjwa anazubaa huko, muuguzi anamaliza kazi yake. Asteria ndiye aliyekabidhiwa. Tatizo lilikuwa picha zenyewe: milima ya theluji, na bahari za kigeni zenye nyangumi.

"Theluji ya nini mimi?" Zuhura alilalamika. "Mtu anaumwa, wewe unamtia kwenye friji! Nionyeshe maji ya kwetu Maganzo, lile bwawa la machimbo ya zamani. Nikiwa mdogo nilikuwa nakaa pale namsubiri baba achekeche kokoto."

Wazo zuri, hakuna ubishi. Asteria aliazima kamera ya kupiga pande zote, akapanda gari siku yake ya mapumziko. Pale bwawani aliwakuta wachimbaji wa almasi, na mmoja wao, Ngusa, akamsimamisha.

"Mayu, mama yetu, hapa hatuingii kimya. Unabisha hodi, unataja jina lako, ndiyo unasogea. Ukiondoka unaaga. Mwenyewe hapendi kuingiliwa."

Asteria alitazama huku na huku. Yeye, mwenye stashahada yake, kiongozi wa kwaya, apige hodi kwa maji? Na kanisani wakisikia? Aibu ilimpanda hadi masikioni. Lakini wale wanaume walikuwa wameacha kuchekecha, wanamtazama, na kamera ilikuwa ya kurudisha jioni. Akaona njia ya mkato. Zuhura ni Mwislamu, si wa kanisani kwao, na picha ni zake yeye. Hapo kuna ubaya gani?

"Hodi!" akaita. "Ni Zuhura wa Ngokolo nimekuja."

Maji yalitikisika ukingoni, na upepo haukuwepo. Ngusa akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Asteria akapiga picha zake, akafungasha, akaenda zake bila kuaga, maana aliona keshajiaibisha vya kutosha.

Picha zile zikawa gumzo. Wagonjwa walizipenda, kitu cha nyumbani, maji yametulia na yangeyange wamesimama kwenye kina kifupi. Wageni walikuja na suti zao, Asteria akapewa cheti, akapigwa picha na mganga mkuu. Zuhura akawa anachomwa bila kulia. Kila mtu alifurahi.

Ila Zuhura peke yake ndiye aliyekuwa anaona mtu.

"Yule dada anayechekecha kokoto ukingoni ni nani?" aliuliza mara ya kwanza.

"Dada gani? Pale nilipiga maji tu."

"Yupo. Kanipa mgongo. Anachekecha, anachekecha, hapati kitu."

Mara iliyofuata yule dada alikuwa amesogea karibu. Halafu likaja lile la kushikwa mkono. Baada ya hapo, Zuhura alimvuta Asteria kwa ukosi wa sare, akamnong'oneza sikioni.

"Sista, ananiita jina. Ananiambia, Zuhura wa Ngokolo, mbona unachelewa kuingia ndani, na hodi ulishapiga? Mimi hodi nimepiga lini?"

Asteria alijua ni hodi ipi. Hapo ndipo angesema. Maneno machache tu, dada nisamehe, nilitaja jina lako. Badala yake akamwambia ni dawa, dawa za kemo huwa zinaleta ndoto, asijali. Kisha akaenda chooni akajifungia, akalia kwa hasira ya kujichukia, akanawa uso, akarudi kazini.

Mambo yakaharibika. Zuhura aliacha utani, aliacha kula, akawa anaomba miwani hata siku zisizo za sindano. Masudi alimmwagia chai ya moto mapajani kwa bahati mbaya, ngozi ikavimba malengelenge, na dada yake akaendelea kuongea kama hajaguswa. Wodi ilianza kunuka tope lililokaa muda mrefu, wakapiga deki kwa dawa mpaka macho yakawawasha, harufu haikutoka. Na kila pakiwa kimya, chini ya kitanda cha Zuhura palisikika kokoto zikichekechwa, taratibu, shaa, shaa, shaa.

"Sindano ijayo sirudi," alimnong'oneza Asteria. "Amesema niingie majini, mle ndani hakuna kuumwa."

"Usiseme hivyo! Na watoto wako?"

"Nimesahau sura zao, sista. Nikifumba macho naona maji tu."

Mchana huohuo Asteria alijifungia stoo, akazifuta zile picha za bwawa kwenye miwani, na kwa woga wake akachomoa na betri, kisha akaivaa miwani ili ahakikishe kwamba ni giza tupu. Halikuwa giza, alikuwa amesimama Maganzo, ukingoni kabisa, maji yametulia na ndege hata mmoja hakuna, na nyuma yake akasikia shaa, shaa, akageuka polepole akiomba Mungu asione kitu, akaona kitanda cha wodini kiko katikati ya bwawa, shuka zake zinaelea, Zuhura amelala juu yake macho wazi, maji yamemfika kidevuni, na pembeni yake mwanamke aliyekaa kampa Asteria mgongo, nywele zimeshikamana kwa tope, mkono mmoja unatikisa chekecheke tupu na mwingine umeshika mkono wa Zuhura kwa upole, kwa upole kuliko muuguzi yeyote alivyowahi kumshika mgonjwa wake.

"Nani huyo?" mwanamke aliuliza, bila kugeuka. Sauti ilikuwa ya kawaida tu, ya mtu aliyesikia mlango wake.

Ilikuwa nafasi ya kuokoa roho ya mtu. Na Asteria, kwa hofu, akasema, "Justa."

Akaivua miwani akaitupa, akabaki amekaa sakafuni. Aliyoyasema aliyasikia kwa masikio yake mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha.

Asubuhi Justa alimjia akiwa amenyoosha mikono. "Asteria, hebu nitazamie. Nimenawa hili tope tangu nyumbani, linarudi. Na vidole havisikii kitu. Nina mtoto ananyonya, jamani, itakuwa nini?"

Asteria hakuweza kumtazama usoni.

Masudi naye hakukaa. Siku hiyohiyo alimleta shangazi yao, Bi Amira, mama wa Kiislamu anayejulikana mji mzima kwa kutibu wenye majini, mkali, haogopi daktari wala matroni. Aliingia saa ya kutazama wagonjwa, akakatazwa kufukiza ubani kwa sababu ya mitungi ya oksijeni, akasonya, akanyunyiza marashi yake. Akamshika Zuhura kiganja, akakinusa. Akamwita Justa, akakinusa chake.

"Hawa hawakujipeleka," alisema. "Wametajwa. Nani alikwenda kwenye maji ya watu akataja jina la mtoto wangu?"

Wote walisikia. Matroni yupo, wagonjwa wapo, Masudi yupo. Cheti cha Asteria kiko ukutani kimewekwa fremu.

"Ni mimi, shangazi," Asteria alisema, na sauti ilitoka ndogo mno akalazimika kurudia. "Ni mimi. Niliona aibu kutaja langu. Na la Justa pia nimelitaja mimi, jana."

Justa aliweka mkono mdomoni. Masudi alisimama, akakaa, akasimama tena. "Dada yangu alikuwa anakuombea dua," alimwambia. "Kila swala anakutaja wewe!"

Afadhali angempiga. Asteria alitamani sakafu ipasuke, lakini Bi Amira alikuwa keshamkalisha kwenye kiti kando ya kitanda cha Zuhura.

"Vaa hiyo miwani yako. Utaje jina lako, la kwako, uwaombee hawa ruhusa, uage. Mimi nasoma."

Asteria akavaa. Kisomo cha Bi Amira kikamfikia kwa mbali, kikawa kinafifia, na bwawa likaja, na mwanamke akiwa palepale.

"Mimi ni Asteria," alisema kwa nguvu, analia. "Mimi ndiye niliyepiga hodi siku ile. Zuhura hakuwepo. Nawaomba wenzangu, tuondoke."

Chekecheke ikatulia.

"Siku ile ulikuwa Zuhura," mwanamke alisema. "Jana ukawa Justa. Leo Asteria. Nikuamini lipi?"

"Hili! Hili ndilo la kweli, wallahi, haki ya Mungu!"

"Justa hakubisha hodi, mchukue. Zuhura alibisha kwa adabu, akataja na kwao, nami nikamkaribisha. Wewe sikujui. Toka."

Maji yakazima. Asteria alipovua miwani, Justa alikuwa anakunja na kukunjua vidole huku anacheka na kulia, mikono mikavu, safi. Watu wakaitikia alhamdulillahi, wengine asante Yesu, Masudi akamkumbatia shangazi yake. Zuhura mwenyewe alikuwa amekaa kitandani, macho maangavu, anamtazama Asteria vizuri tu.

Bi Amira hakushangilia. "Mchome," alisema. "Akilia, amerudi."

Kwa hiyo Asteria akafunga mpira mkononi, akapaka spiriti. Maisha yake yote ya kazi alikuwa ameomba wagonjwa wasisikie maumivu. Sasa alikuwa anaomba kwa moyo wote Zuhura apige yowe, amtukane, amkunje sare, akimbie tena hadi getini. Hakutafuta mshipa kwa upole. Akaisukuma sindano ndani, yote, damu ikapanda kwenye kibomba.

Zuhura aliendelea kumtazama, akisubiri kwa uvumilivu.

"Choma basi, sista," alisema. "Mbona unanichelewesha?"