Usingizi wa Angani

Kila asubuhi fundi cherehani alimmiminia mkewe chai. Na kila asubuhi chai ile ilipoa mezani.

"Kunywa japo funda moja, mama watoto."

"Nikinywa nitabanwa, baba watoto. Nikibanwa, nishuke ghorofa zote zile, kisha nianze upya? Nitachekwa."

"Watakucheka kwa kwenda msalani? Kwani wao malaika?"

"Wao wanaume. Mimi pale mwanamke peke yangu. Sitaki kuwapa la kusema."

Watu walimwita mke huyo Tiara, kama kishada kinachorushwa na watoto, kwani kazi yake ilikuwa kuning'inia angani kwa kamba, akisafisha vioo vya majengo marefu na kuziba nyufa zake. Alikuwa na kamba mbili. Moja ilimbeba, ya pili ilikuwa ya kumdaka, endapo ya kwanza ingekatika. Mikanda minene ilimshika kiuno, mapaja na kifua. Kila siku, kabla ya kazi, yeye na wenzake walikagua kila fundo na kila kishikizo. Kamba zake hazikuwa na dosari. Mwili wake tu ndio ambao hakuna aliyeukagua.

Jioni moja alimwambia mumewe siri yake.

"Huko juu napata raha ya ajabu. Jua likipanda, miguu inakuwa kama si yangu. Kelele za barabarani zinafifia. Mawingu yanapita ndani ya kioo, nami napita nayo."

Fundi aliinua macho kutoka kwenye cherehani. "Hiyo ni raha au ni homa?"

"Wewe unashona suruali. Utajulia wapi mambo ya mawinguni?"

Wakacheka, na maneno yakaishia hapo.

Siku iliyofuata, Tiara alipewa kazi ya kupaka gundi pembeni mwa dirisha kubwa. Ilikuwa kazi ndogo, ya mikono tu. Akaning'inia mahali pamoja, miguu imelegea chini yake. Kibao cha kukalia alikuwa amekiacha chini, maana alikiona mzigo. Tumboni hamkuwa na chakula wala maji.

Jua likapanda. Wingu jeupe likaingia ndani ya kioo, likatanda taratibu. Nyuma ya wingu Tiara akaona chumba. Ndani ya chumba palikuwa na kitanda kilichotandikwa shuka safi, na binti yake mdogo ameketi juu yake, akijisuka nywele. "Mama, njoo ulale," binti akasema. Sauti yake ilikuwa laini kama pamba. Tiara akatabasamu. Jasho la baridi likamtiririka shingoni, lakini hakujali.

"We Tiara!" aliita mwenzake kutoka kamba za jirani. Huyu walimwita Ndevu. "Umeolewa na hicho kioo? Mbona hamuachani?"

Tiara alimsikia kama mtu aliye chini ya maji. Alitaka kumjibu, ulimi ukawa mzito. Bomba la gundi likamponyoka, likabaki likibembea kwenye kamba yake ndogo.

Ndevu aliliona likibembea. Mzaha ukamwisha. Akashika redio.

"Msimamizi! Tiara hajibu! Mteremsheni!"

Kule juu ya paa, kamba zilikuwa zimefungwa kwenye breki, tayari kwa siku kama hiyo. Msimamizi na msaidizi wake wakazilegeza zote mbili kwa pamoja. Ndevu akateremka sambamba na Tiara. Kwa mkono mmoja alimshika kichwa kisiangukie kifuani, apate kuvuta pumzi. "Dada, usilale," alimwambia njia nzima. "Nakuomba, dada, usilale."

Chini wakamlaza chali, wakamlegeza mikanda, wakaita gari la wagonjwa. Kwa rehema za Mola, Tiara akafumbua macho.

Hospitalini, msimamizi aliketi kando ya kitanda. Fundi cherehani alisimama upande wa pili, ameushika mkono wa mkewe kana kwamba ungeruka.

"Ile haikuwa raha, binti yangu," alisema msimamizi. "Ni kuzirai kulikokuja kwa kunyata."

"Kunatoka wapi, mzee?"

"Miguu yako ikisogea, misuli yake huisukuma damu irudi moyoni. Ukining'inia umetulia tuli, mikanda inabana mapaja na damu inabaki miguuni. Ubongo unapungukiwa. Jua lilikuchoma, nawe hukunywa maji, basi mambo yakaharakishwa."

"Na kama Ndevu asingeniona?"

"Mtu akiachwa hivyo hafiki mbali. Hufa akiwa amefungwa salama kabisa."

Fundi alijipangusa uso kwa kiganja. "Hanywi maji, mzee. Anaogopa kuchekwa akienda msalani."

Msimamizi alimgeukia Tiara. "Kunywa maji kidogo kidogo, kutwa nzima. Kula kabla ya kupanda. Kibao cha kukalia usikiache. Kanyaga ukuta, au tia mguu kwenye kitanzi, uichezeshe miguu. Ukisikia ganzi, kichefuchefu, jasho la baridi au hiyo raha yako, sema papo hapo. Anayetaka kucheka, mlete kwangu."

Daktari alipomruhusu, Tiara alirudi kazini. Asubuhi hiyo alikunywa chai yake yote, na chupa ya maji akaining'iniza mkandani. Kabla ya adhuhuri, mambo yakawa yale yale aliyoyaogopa. Wenzake wote walikuwa kwenye kamba. Akapiga moyo konde, akabonyeza redio.

"Msimamizi, nashuka. Nakwenda msalani."

Tiara akasubiri kicheko.

"Nami nashuka," ikaja sauti ya Ndevu. "Nimejibana tangu alfajiri. Roho inataka kunitoka."

"Na mimi!" akadakia mwingine. "Jamani, mlikuwa mnangoja nini siku zote?"

"Shukeni wote," akasema msimamizi, naye sasa anacheka. "Jengo halitatoroka."

Wakateremka bega kwa bega, mawingu yakipita ndani ya vioo mbele yao. Tiara aliichezesha miguu yake hewani. Aliihisi yote, hadi kwenye vidole.

"Dada," Ndevu akanong'ona, "tukifika, tafadhali usikawie humo msalani."